Kikaango Nilichokiacha Kambini

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisivuke mstari wa chaki. Kambi ya ujenzi wa barabara ilikuwa nje kidogo ya Tororo, mahali ambapo mwamba wa mji unaonekana wote kuanzia chini mpaka kileleni, na mstari wenyewe ulichorwa sakafuni mbele ya kistoo chenye kufuli mbili. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, alisimama upande wa ndani wa mstari. Mimi nilikuwa upande wa nje na cheti changu cha ufundi mkononi.

"Athieno, wewe naogopa?" akaniuliza.

"Naogopa, mzee."

"Vizuri. Ile mtu hapana ogopa, mimi natuma yeye kwa jembe."

Ndipo akanivusha na kufungua kufuli. Nilitegemea kuona mtambo wa ajabu. Niliona sanduku la njano, kubwa kiasi cha debe lililolazwa ubavu, lina mkono wa chuma juu na kioo kidogo cha namba. Ndani yake, alisema, mna punje mbili za madini yenye mionzi, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama, zimezibwa ndani ya chuma. Punje ya kwanza inatoa mionzi ya gama, ambayo inapima jinsi udongo ulivyobanana. Ya pili ni mchanganyiko wa amerikiamu na beriliamu. Atomi za amerikiamu hazitulii, zinarusha vipande vyao nje, na kipande kikigonga kiini cha beriliamu kinang'oa humo nyutroni moja. Nyutroni hizo ndizo zinazokwenda kutafuta maji ardhini.

Naandika haya nikiwa nyumbani Molo, hii Molo yetu ya Tororo, na tayari nimeshainuka mara mbili kwenda kuangalia kitu ambacho hakipo. Mtanisamehe. Watu wakistaafu wanasemwa wanapumzika, lakini mimi bado sijaona hicho kiti cha kupumzikia. Ninyi mnaoshika mashine hizi leo, zenye kuongea na simu na kuchapa karatasi zenyewe, nataka mjue zilivyoshikwa zamani, na nataka mjue jambo moja nililolifanya nazo. Nitafika huko. Nisipolifuata kwa mpangilio nitalikimbia tena.

Somo langu la atomi nililipata jikoni mwa kambi, siku hiyohiyo. Mkuu wa Maabara alinipeleka kwenye jiwe la kusagia la mpishi, akatoa gololi mbili mfukoni. Katikati ya kila atomi, alisema, kuna kiini, na ndani ya kiini mna protoni na nyutroni, na nje yake elektroni zinazunguka. Idadi ya protoni ndiyo jina la kitu: moja ni haidrojeni, nane ni oksijeni, ishirini na sita ni chuma. Protoni ina chaji ya umeme. Nyutroni haina, kwa hiyo inapita katikati ya atomi bila kuvutwa wala kusukumwa mpaka igonge kiini chenyewe. Na protoni na nyutroni uzito wao ni karibu sawa.

Akaviringisha gololi kwa nguvu ikagonga jiwe la kusagia, ikarudi kwa mbio ileile. "Hiyo jiwe ni chuma," akasema. "Nyutroni nagonga chuma, narudi, mbio bado iko." Kisha akaweka gololi ya pili chini, akaigonga kwa ya kwanza. Iliyogonga ikasimama palepale, iliyogongwa ikaondoka. "Na hii ni haidrojeni. Kiini yake ni protoni moja tu, peke yake. Nyutroni ikikutana na mtu ya kimo yake, nachoka."

Basi hiyo ndiyo siri nzima ya sanduku lile. Nyutroni zinaingia ardhini mbio. Zikikutana na haidrojeni zinapungua mwendo. Chini ya sanduku kuna mrija unaohesabu zile zilizochoka tu. Zikiwa nyingi, haidrojeni ni nyingi. Na udongoni, haidrojeni ya nani kama si ya maji?

Kwa nini maji yahesabiwe? Barabara inajengwa kwa maramu, ule udongo mwekundu wa kokoto, na maramu haishindiliki ikiwa kavu. Punje zake zinasuguana na kukataa kukaa. Ikilowa kupita kiasi, punje zinaelea na rola linazama. Katikati hapo kuna kiwango chake, na ukikikosa, lami yako itapasuka kabla mzinduzi hajafika nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kusema kiwango kimefikiwa au hakijafikiwa. Nilisema, nikatia sahihi, na rola likaanza au likasimama.

Wafanyakazi waliliita sanduku hilo Njano. Walikuwa wakilikwepa kama nyuki. Nikishuka nalo kwenye gari, vibarua walihamia upande wa pili wa barabara, na madereva wawili watatu, wanaume wazima wenye familia, walivua kofia na kuziweka mapajani. Niliwaambia punje imefungwa, niliwaonyesha beji yangu ya kupimia mionzi niliyoivaa kifuani kila siku, nikawaambia mambo ni matatu, muda, umbali na kinga. Walinisikiliza vizuri, kofia zikiwa palepale.

Kila asubuhi, kabla ya chai, niliweka Njano juu ya kipande cha plastiki kizito kilicholetwa pamoja nalo. Plastiki imejaa haidrojeni. Namba ya leo ilipaswa kufanana na ya jana. Ikifanana, Njano ni mzima, twende kazini. Mimi niliipenda saa ile. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika Njano katika kambi ile, nikiwa bado kwenye mkataba wa majaribio, na nilipolichuchumalia kwenye ile plastiki nilijiona mtu wa maana.

Sasa kikaango.

Maabara ilikuwa na oveni, lakini oveni inakausha udongo usiku kucha na rola halingoji usiku kucha. Kwa hiyo barabarani tulikuwa na njia nyingine, ya tangu enzi. Unapima udongo ulio mbichi kwenye mizani, unauweka kwenye kikaango juu ya jiko la mafuta, moto wa taratibu, unaugeuzageuza mpaka ukauke, unaupima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Hakuna atomi hapo, ni kukaanga tu. Na Mkuu wa Maabara alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka inachosha: machimbo mapya, kikaango kwanza. "Njano hapana hesabu maji," alikuwa akisema. "Njano nahesabu haidrojeni. Kila kilima na tabia yake." Kuna mawe na udongo wenye haidrojeni katika mwili wake wenyewe, imefungwa humo tangu jiwe lilipokuwa jiwe, na moto wa jikoni hauitoi. Njano hajui tofauti. Anaziona protoni zote, za maji na za jiwe, anazijumlisha. Kikaango ndicho kinachokuambia ni ngapi za kutoa.

Nilikuwa najua hayo yote. Nisijifanye sikujua.

Tatizo langu na kikaango lilikuwa utani. Mwanaume akichuchumaa barabarani na jiko, watu wanaona fundi. Mimi nikichuchumaa, waliona mpishi. "Madam, leo mboga gani?" "Madam, chumvi iko?" Mwendesha greda alikuwa hodari kuliko wote kwa maneno hayo, na siku moja wageni kutoka makao makuu walipotutembelea, alininyooshea kidole akawaambia, "Huyu ndiye mpishi yetu." Wageni walicheka. Mmoja akaniuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, na nadhani aliuliza kweli. Nilirudi kambini nimevimba. Usiku huo sikula.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa kwenye kipande cha kuelekea Busia. Machimbo ya kwanza yakaisha, malori yakaanza kuleta maramu kutoka kilima kingine. Niliiona imekolea rangi, inakaribia ini. Asubuhi ile, siku ya pili baada ya wale wageni, nilisimama mlangoni mwa maabara nikakitazama kikaango kikining'inia kwenye msumari. Nikabeba Njano, nikafunga mlango, nikaondoka.

Aliyekuwa akimwagilia maji sehemu ile alikuwa dereva wa bauza, lile lori la tangi la maji, Wandera, Msamia wa kijiji cha Lunyo, upande wa Busia. Alinizidi umri kwa miaka kama kumi. Mtu wa maneno machache, mwenye bauza safi kuliko zote, na alikuwa na mkono. Madereva wa bauza wa zamani walipima maji kwa kiganja: unachota maramu, unaifinya kwa nguvu, unafungua ngumi. Ikibomoka, maji hayajatosha. Ikiacha tope kiganjani, yamezidi. Ikikaa kama yai, na ukiibonyeza katikati ivunjike vipande viwili safi, hapo ndipo penyewe. Wandera alikuwa akifinya kila baada ya hatua chache, na vibarua walimtania kuwa anasalimiana na ardhi.

Siku hiyo alishuka kwenye bauza, akafinya, akaivunja mbele yangu.

"Madam, maji imetosha. Nikiongeza, hii naenda kuwa uji."

Nikaweka Njano chini. Namba zikaja: maji yamezidi, na sana. Nikaligeuza sanduku upande wa pili nikapima tena. Nikasogea, nikapima mahali pengine. Yamezidi, yamezidi.

"Mzee Wandera, umezidisha."

"Madam, fungua mkono, shika mwenyewe."

"Mashine haifinyi," nikamwambia. "Inahesabu."

Nilijisikia vizuri kusema maneno hayo. Nilitia sahihi.

Mhandisi Mkazi, aliyesimamia kazi yote kwa niaba ya mwenye barabara, alifika kabla ya saa sita. Alikuwa Mkenya wa upande wa pili wa mpaka, mtu mrefu, Kiswahili chake kilichonyooka kilitutisha kidogo. Mvua ilikuwa inanukia na kipande kile kilipaswa kufungwa kabla haijanyesha. Alisoma karatasi yangu.

"Nani anamwagilia hapa?"

"Ni mimi, bwana mkubwa," Wandera akasema.

"Umemwaga maji yote kwa mkupuo ili umalize mapema."

"Hapana. Nimemwaga ile kawaida, nimefinya, nimeacha."

"Binti huyu hana sababu ya kukuonea. Na hata kama angekuwa nayo, mashine haina."

Wandera alinigeukia. Hakuwa ameona hasira, alikuwa anataka nimsaidie tu. Kulikuwa na neno moja la kusema, kwamba machimbo ni mapya na sijakaanga. Niliangalia beji yangu.

Alifukuzwa mchana huohuo. Kabla ya kurudisha ufunguo aliliosha bauza, matairi mpaka paa, na hakuna aliyemwambia aoshe. Aliviringisha nguo zake ndani ya koti la mvua, akaondoka kwa miguu kuelekea Busia. Mwendesha greda ndiye pekee aliyemsindikiza.

Kesho yake greda lilifukua kipande kile, kikaanikwa juani mpaka Njano akaridhika. Rola likapita. Likapita tena. Udongo haukubanana. Nilipima, tukarudia, haukubanana, na mwendesha rola akanitazama kama anayemtazama mwenye kichaa. Nikarudi kambini bila kumwambia mtu, nikachukua kikaango na jiko, na nikakaanga mbele ya vibarua wote. Siku hiyo hakuna aliyetania. Udongo ulikuwa mkavu mno. Nilikuwa nimebakiza fungu la jana kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Nikalikaanga pia, nikahesabu mara tatu.

Maji yalikuwa yametosha. Kile kilima kilikuwa kimejaa haidrojeni ya kwake, na mimi nilikuwa nimemhesabia Wandera.

Nilimwendea Mkuu wa Maabara nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Andika masahihisho kwa daftari. Anzia leo. Ya jana imepita."

"Na Wandera?"

"Dereva ingine ameshaanza." Akaivaa tena miwani. "Athieno, ukisema hii, mimi najua vile watasema. Watasema mwanamke hapana weza shika Njano. Na ingine baada ya wewe hawatachukua."

Sijui kama alikuwa anajali hao wengine au alikuwa anajikinga yeye. Labda yote mawili. Ninachojua ni kwamba nilishukuru. Niliandika masahihisho, kipande kikafungwa, mvua ikakuta rola limemaliza. Mkataba wangu ukathibitishwa.

Baada ya hapo nilihamishwahamishwa, nami sikulalamika, maana sikuweza kukaa mahali. Nilikaa Busia, kwenye maabara ndogo karibu na mpaka, ambako malori yanapanga foleni mpaka madereva wanafua nguo na zinakauka. Nilivuka nikafanya kazi upande wa Kenya. Niliwafundisha wasichana saba kushika Njano, na kila mmoja nilimwanzia na kikaango. Waliniona mkali. Mmoja alinitungia jina, Mama Kaanga, na nikalipokea.

Miaka ya mwisho nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha kuyeyusha vyuma chakavu. Kazi ilikuwa kupitisha kipimo cha mionzi kwenye kila lori, isije punje iliyopotea ikaingia tanuruni. Siku moja kipimo kililia kwenye lori la kijana mmoja wa Malaba. Msimamizi wa Uwanja, mtu wa haraka, akataka polisi hapohapo.

"Mashine imesema," akaniambia.

"Imesema kuna mionzi. Haijasema ya nini."

Nilipanda mwenyewe, nikafukua. Chini ya vyuma kulikuwa na magunia ya mbolea ya potashi aliyokuwa anampelekea baba yake. Potasiamu ina protoni kumi na tisa. Atomi zake nyingi zina nyutroni ishirini, nyingine zina ishirini na mbili, na zote zimetulia. Lakini chache sana zina ishirini na moja, na hizo hazitulii, kwa hiyo kipimo kinazisikia. Zimo kwenye mbolea, zimo kwenye ndizi, zimo kwenye mwili wa Msimamizi wa Uwanja. Nilimwambia hivyo, hakufurahi. Kijana alienda zake na mbolea yake. Watu walinisifu, na mimi nilijifungia chooni nikalia, kwa sababu ilikuwa imenichukua robo saa tu. Robo saa ndiyo niliyomnyima Wandera.

Nikastaafu. Nilirudishiwa cheti, nikapewa blanketi, na nikapewa kikaango, maana hakikuwamo kwenye orodha ya mali ya mtu yeyote. Kilinifuata kila kituo, na sasa kilinifuata Molo. Sikukipikia kamwe. Nilianza hii tabia ya kuinuka. Nikikaa nainuka, nikilala naamka, nikipita kwenye barabara nagonga lami kwa kisigino nikisikiliza. Kile kipande cha kuelekea Busia kiko imara mpaka leo.

Mwezi uliopita mke wa mwanangu alikaanga ufuta humo. Nilimpokonya kikaango kikiwa cha moto, ufuta ukamwagika jikoni kote. Yule binti ni mpole, hajawahi kunijibu. Aliokota ufuta punje kwa punje, kisha akaniuliza, "Mama, nimekosea nini?" Nikatoka nje na kikaango. Sasa nilikuwa naonea hata watu wasio na bauza.

Lunyo nilijua. Nisiwadanganye kwamba nilimtafuta kwa taabu. Mwendesha greda alinitajia nyumba ya Wandera zamani, mpaka na kanisa la kupindia. Nilikiweka kikaango ndani ya mfuko, asubuhi yake nikaenda.

Nilimkuta uani, mzee, ameshika fimbo, anatazama mafundi wawili wanaojaza maramu kwenye sakafu ya nyumba mpya ya mwanawe. Mafundi walikuwa wanabishana kuhusu maji. Mmoja akamgeukia, "Mzee, angalia hii. Inatosha ama bado?"

"Mimi sijui," Wandera akasema. "Pimeni wenyewe."

Alinitambua kabla sijasema jina. Akaniita madam, akaniletea kiti. Mkewe, Mama Taaka, akaleta chai. Tuliulizana hali za watoto. Alisema baada ya ile kazi hakuendesha tena, alilima tu. Kisha akaona mfuko wangu.

"Hiyo kikaango ni ya nini?"

"Ndicho nilichokiacha kambini siku ile."

Nikamwambia. Nilitaka kumweleza kwa ufupi, nikashindwa, nikaanza na kiini, na protoni, na nyutroni inavyochoka ikigonga kitu cha kimo chake. Nikamwambia kilima kile kilikuwa na haidrojeni ndani ya jiwe lenyewe. Nikamwambia mashine haikuona maji yake, iliona jiwe, na mimi nilikuwa na njia ya kujua na niliiacha kwenye msumari kwa sababu sikutaka kuitwa mpishi. Alisikiliza akitazama mkono wake wa kulia.

"Kwa hiyo mkono yangu ilisema kweli."

"Ulisema kweli."

"Mimi nilijiambia, Wandera, mashine haina sababu ya kukuonea. Basi ni mimi. Mkono ndiyo imeharibika. Tangu hapo mimi hapana amini hii mkono. Hata chumvi kwa mboga, mimi namuuliza huyu." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Wewe ulijua lini?"

"Kesho yake."

"Kesho yake."

Wandera alizungusha fimbo yake mchangani. Mafundi walikuwa wameacha kubishana.

"Kutoka Molo mpaka hapa umetumia muda gani leo?"

"Nimetoka asubuhi."

"Na saa hii hata saa sita bado," akasema.

Nilimwambia nisamehe, baba. Alimwita Mama Taaka asogee, akaniambia, "Mwambie huyu vile umeniambia." Nikarudia yote, kiini, protoni, kilima, kikaango. Yule mama aliweka chini birika.

"Mimi ndiye nilikuwa namwambia kila siku," akasema, "si ungemwaga tu pole pole. Miaka yote. Mbele ya watoto yake." Hakunitazama tena mpaka nilipoondoka, na ni haki yake.

Wandera akataka niandike, kwenye karatasi, na jina langu chini, asije mtu akasema ni maneno ya mzee tu. Nilimwahidi, na hili ndilo andiko lenyewe. Nakala ya kwanza ni yake. Ninyi wengine mnaosoma, vijana wa vipimo, hamhitaji wosia wangu mrefu. Mashine haijui jina la mtu. Ukiona imemtaja mtu, ni wewe uliyemtaja.

Niliinuka kuaga. Fundi mmoja, sijui ni ujasiri au alikuwa amesikia, akamwita tena, "Mzee, basi hii maji?"

Wandera alisogea na fimbo yake. Kisha akaniachia mimi fimbo nimshikie, akainama polepole, akachota maramu, akaifinya. Akafungua kiganja. Akaibonyeza kwa kidole gumba, ikavunjika vipande viwili, akavitazama.

"Imetosha," akawaambia. "Shindilia."